Msitu uliotunzwa uitwe haujatumika?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Keko. Mzigo wa mninga ukiingia, kabla ya kuulizana bei natafuta kwanza alama ya nyundo ya maliasili, ile inayogongwa kwenye mbao kuonyesha zimevunwa kihalali. Isipokuwepo sinunui, wapo wenzangu waliolala mahabusu kwa ubao usio na nyundo.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, mkoa wa Lindi, nikakuta bikoni ya zege, yaani alama ya mpaka, katikati ya mikorosho ya mjomba, na nyumba ya jirani yake imepigwa X nyekundu. Wanakijiji walipouliza, wakajibiwa kwamba ng'ambo ya bikoni ni hifadhi, maana kijiji "hakiutumii" ule msitu. Hakiutumii! Asali inatoka humo, dawa za wazazi zinachimbwa humo, na mwaka wa njaa watu wanakula ming'oko, viazi vya porini, ya humo humo. Babu zetu wamezikwa humo pia.

Neno hilo lina mahali lilipotoka. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, yaani ile iliyo chini ya Serikali na si ya kijiji, inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Pacha wake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo, haina maneno hayo. Basi aliyefyeka miti akapanda ufuta anahesabiwa ameitumia ardhi, na aliyeiacha miti isimame anaonekana hana chake. Halafu tunashangaa misitu inaisha. (Mkaa wa jiji hili nao unatoka huko huko, tusijifanye hatuhusiki.)

Mwaka 2019 Serikali iliridhia vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa na migogoro ya namna hii vibaki vilipo. Tulishukuru. Ila agizo la leo kesho linatenguliwa, na mjomba anataka karatasi.

Wasemao kwamba wanakijiji watamaliza miti waende Kilwa. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu, kwa msitu wao wenyewe, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa kwetu Arusha, iliamua Mei 2017 kwamba Kenya ilikosea kuwaondoa Waogiek, wenyeji wa asili wa msitu wa Mau, kwenye msitu huo, na kwamba si wao walioubomoa.

Waheshimiwa wabunge, yafuteni hayo maneno machache kwenye Sheria Namba 4. Msimu wa kupulizia salfa unakaribia, na mjomba bado hajui kama mikorosho iliyo ng'ambo ya bikoni aihudumie au aiache.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam