Kwa mwanangu: kuliamsha trekta la babu yako na kuziba mivujo yake

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Nimefurahi sana kusikia kwamba umeamua kulifufua trekta la babu yako badala ya kuliuza kama chuma chakavu. Nimeona afadhali nikuandikie kuliko kukueleza kwa simu, kwa sababu maelezo ya namna hii yanafaa kusomwa ukiwa umesimama kando ya injini, na kurudiwa kila unapokwama.

Usianze kwa kuliwasha. Injini iliyolala miaka mingi imekauka kwenye kuta za silinda, kwa kuwa oili yote imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na huenda kutu imeanza kushika pete za pistoni. Ukiipiga stata ikiwa katika hali hiyo, unaweza kuvunja pete ambazo zingeachia zenyewe kwa kuvumiliwa. Kwanza chomoa kijiti cha kupimia oili, ukitazame kwenye mwanga. Weusi wa oili usikutishe, maana oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Ikiwa na rangi ya maziwa, ina maji. Ikiwa imepita alama ya juu, ni nyepesi na inanuka dizeli, basi yaelekea kiwambo cha mpira kilichomo ndani ya pampu ndogo ya kuvutia dizeli kimepasuka, na dizeli inateremkia kwenye sampu. Katika hali zote mbili chanzo kitengenezwe kwanza, ndipo uweke oili mpya na chujio jipya.

Baada ya hapo zifungue nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, mimina oili kidogo katika kila silinda, uache hadi kesho yake, kisha uzungushe injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, taratibu, mbele na nyuma. Ikikubali, vuta kizimio (kile cha kuzimia injini) na upige stata kwa vipindi vifupi nozeli zikiwa bado nje, huku uso wako ukiwa mbali na matundu yake, mpaka mshale wa geji ya oili upande. Injini isiyobana hewa huzunguka kwa wepesi, na kwa njia hiyo beringi hupata oili kabla ya kubebeshwa mzigo wowote. Hakikisha betri imejaa. Betri nzuri ya volti 12 iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, na stata inayozunguka kwa uvivu haiwashi dizeli hata kila kitu kingine kikiwa sawa.

Dizeli iliyobaki tankini usiitumainie. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, na pale viwili hivyo vinapokutana huzaliana vijidudu vinavyoacha utelezi mweusi wa kuziba chujio. Mwaga yote, safisha tanki, funga chujio jipya, ndipo utoe upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya dizeli.

Kutoa upepo ndiyo kazi inayowashinda wengi, nami naamini inawashinda kwa sababu hawakuelezwa kinachotokea ndani ya mabomba. Injini hii haina plagi. Tangu ile ya Rudolf Diesel iliyofaulu mwaka 1897, kanuni ni kwamba hewa hubanwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche. Katika trekta kama letu hewa hubanwa hadi ibaki na chini ya sehemu moja ya 15 ya nafasi yake, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Ili nozeli ifunguke na kupuliza dizeli kama ukungu, pampu kubwa, ile inayopeleka dizeli kwenye nozeli, lazima isukume kwa kanieneo kali sana, na inaweza kufanya hivyo kwa sababu dizeli haibonyei. Hewa hubonyea. Kiputo kikiwa ndani ya bomba, pampu inakibana, kinasinyaa, kinatanuka tena, na nozeli haifunguki hata ukiimaliza betri yote.

Fuata basi njia ya dizeli kutoka tankini. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio, kisha upige kwa mkono ule wenzo mdogo ulio ubavuni mwa pampu ya kuvutia. Ukiukuta umelegea wala hausukumi kitu, usiilaumu pampu upesi. Mara nyingi kamu, kile kinundu kinachozungushwa na injini, imeuinua mkono wake wa ndani, nawe ukiizungusha injini mzunguko mmoja wenzo utapata nguvu. Mwanzoni kwenye skrubu litatoka povu jeupe linalotema-tema, halafu povu litapungua, halafu dizeli itachuruzika ikiwa safi isiyo na kiputo hata kimoja: kaza hapo hapo, dizeli ikiwa bado inatoka. Rudia kwenye skrubu za pampu kubwa. Mwisho legeza kidogo nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, mtu apige stata mpaka kila nati itoe dizeli, kisha uzikaze.

Hapa nakuomba unisikilize kama mzazi. Injini ikishawaka, usipapase mabomba ya nozeli kwa kidole ukitafuta mvujo. Dizeli inayotoka kwenye ufa mdogo wa bomba hilo hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, na kidonda chake kwa nje huonekana kama mtu aliyechomwa na pini tu, ilhali ndani mkono unaharibika. Likimpata yeyote, aende hospitali saa hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu. Tafuta kwa kipande cha kadibodi ulichokishika kwa mbali. Vilevile usiwashe kwa kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini mbele ya tairi. Likiwa ndani ya gia litaondoka na kukupanda. Keti kitini, gia iwe huru, na kizimio uwe umekijaribu kabla. Weka pia kibao kipana karibu na mdomo wa kuingizia hewa, ili kama injini itakataa kuzima uuzibe. Dawa za kupuliza za kuwashia injini sizitaki kabisa kwenye trekta hili, kwa sababu huwaka mapema kuliko dizeli na zinaweza kupasua pistoni.

Sasa mivujo. Mbaya kuliko yote ni ule usiolowesha chochote. Dizeli iliyo kati ya tanki na pampu ya kuvutia huvutwa, haisukumwi, hivyo kiungio kilicholegea hapo kinaweza kuvuta upepo bila kudondosha tone: injini inawaka vizuri, inanguruma kwa dakika chache, inafifia na kuzima, na chini ni pakavu. Ukiona hivyo, funga kwa muda mpira unaopenyeza mwanga baada ya pampu hiyo, utaviona viputo vikipita. Dawa yake kwa kawaida ni washa mpya za shaba, zile pete bapa za kuzibia kiungio. Washa ya shaba iliyokwisha kukazwa huwa ngumu na haishiki tena, lakini ukiipasha moto hadi iwe nyekundu na kuiacha ipoe hurudi kuwa laini. Ya alumini usiifanyie hivyo, itayeyuka. Gundi ya silikoni isikaribie njia ya dizeli, kwa maana vipande vyake humeguka na kwenda kuziba mbele.

Kwa oili, osha injini yote kwanza, ikauke, uinyunyizie unga wa chaki, iwashe, kisha utazame mstari mweusi unaanzia wapi. Oili huteremka na kurudi nyuma, hivyo tone linaloanguka kwenye sampu mara nyingi limetoka kwenye gasketi ya kava la tapeti juu kabisa. Na kabla hujabadilisha sili yoyote (pete ya kuzuia oili isitoke), kagua bomba la kupumulia injini. Likizibwa na uchafu au kiota cha mdudu, mvuke wa ndani hukosa pa kutokea na kuisukuma oili kupitia kila sili. Mtu anaweza kubadilisha gasketi zote, mivujo ikarudi palepale. Boliti za kava nazo usizikaze kwa hasira, kwani bati hupinda na mvujo huongezeka.

Kuna matundu mawili ambayo hupaswi kuyaziba. La kwanza liko chini ya pampu ya maji: likitoa maji, sili ya pampu imekwisha. La pili liko chini ya nyumba ya klachi, na kwa kawaida lina pini iliyoning'inia ndani yake ili lisizibwe na tope. Oili inayotoka hapo inatoka kwenye sili ya nyuma ya injini au ile ya mbele ya giaboksi, na ukiizuia itajaa hadi kwenye klachi.

Si lazima umalize vyote kwa pamoja. Dizeli na maji visisubiri, wala oili yoyote inayofika kwenye breki. Lakini jasho la oili kwenye kava la tapeti linaweza kungoja mpaka upate gasketi nzuri, mradi upime oili kila asubuhi.

Litakapowaka, tazama geji ya oili kabla ya kitu kingine chochote, na usipoona mshale ukipanda ndani ya sekunde chache, zima. Likitulia, liache lingurume bila mzigo mpaka lipate joto, kisha lizime, lipoe, uguse kila nati uliyoifungua. Halafu niandikie unachokiona kwenye tundu la chini ya klachi, na kama ni oili, unusie na uniambie inanuka kama ya injini au ya giaboksi, nijue ni sili ipi ya kukutafutia, maana kwa vyovyote vile italazimu trekta lifunguliwe katikati, injini itengane na giaboksi, na kazi hiyo nataka tuifanye pamoja.

Wako akupendaye,
Baba