Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari wetu wa moyo, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi wachache chini ya mwembe na leo, bila kujisifu, ndo klabu ya sayansi kubwa kuliko zote kata nzima (ipo moja, lakini bado ni kubwa). Tumeelimisha umma kuhusu presha pale mnadani na chati yetu ya moyo imesifiwa mpaka na Afisa Elimu Kata.

Mwaka huu tumesoma kitu ambacho wewe mheshimiwa unakijua kuliko sisi, kwamba mshtuko wa moyo sio mafuta peke yake, chembe nyeupe za damu nazo zimo. Mwaka 2017 watafiti Marekani walionyesha kuwa watu ambao seli zao za kutengeneza damu zimepata hitilafu kwenye jeni kama TET2, na hii hairithiwi inakuja na umri, hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakaribia mara mbili ya wenzao. Panya nao, chembe zao zikikosa jeni hiyo, makrofaji, yaani chembe nyeupe zinazomeza vijidudu na uchafu mwilini, wanakuwa wakali na mishipa inaziba haraka zaidi. Mwaka huohuo dawa ya canakinumab, inayotuliza huo ukali wa kinga ya mwili (inflamesheni), ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha pata mshtuko wa moyo, ikapunguza matukio mapya wala kolesteroli haikushuka.

Sasa shida yetu ndo inaanzia hapo. Hizo makrofaji hakuna mwanafunzi hapa aliyewahi kuziona, tunachora ubaoni tunakariri basi. Hadubini ya shule lenzi ilipasuka kabla hatujaanza kidato cha kwanza, iko kabatini, na kwenye ripoti ya vifaa inahesabika kama ipo. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi nyingine ndani ya wiki mbili, makofi tukapiga, picha zikapigwa. Wa mwaka jana akasema suala linashughulikiwa. Hatulalamiki mheshimiwa, tunawaombea heri huko waliko, ila waliopiga yale makofi wameshamaliza kidato cha nne.

Hatuombi jengo wala basi. Tunaomba hadubini moja yenye lenzi ya mara 100, inayotumia kioo kuakisi mwanga sio taa ya umeme maana umeme wetu unaujua, pamoja na slaidi na rangi ya Giemsa ya kutia chembe za damu zionekane. Hata ikiwa ya zamani, mliyoiweka stoo huko hospitali, tunaipokea. Na ukisimama kuongea tunaomba utaje tarehe, Mkuu wa Shule ameturuhusu tuiandike kwenye ubao wa matangazo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya klabu