Barua kwa mwanangu: usiuinamie mdomo wa chupa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Wete sote wazima, wasiwasi ni wako wewe. Nimesikia praktiko yenu ya wiki ijayo ni kasi ya mmenyuko, thaiosalfeti na asidi haidrokloriki, na kifua chako nakijua.

Msalaba uchore kwa penseli kwenye karatasi nyeupe, chupa iwe juu yake. Utakachopima ni muda mpaka msalaba ufichike. Kinachouficha ni salfa inayojitenga, na pamoja nayo hutoka salfa dayoksaidi, gesi inayombana mwenye pumu hata ikiwa kidogo. Basi tazama kwa juu huku umesimama wima, usiuinamie mdomo wa chupa. Madirisha yawe wazi. Pampu yako ya pumu iwe mfukoni, si mkobani nje ya mlango, na itazame tarehe, maana ile niliyokupa ilikaa sana kabatini.

Thaiosalfeti pima 50, halafu 40, 30, 20, 10 sentimita za ujazo; kila mara ongeza maji yatimie 50, ndipo utie asidi 5 na kuanza saa papo hapo. Ukisahau maji, kina chupani hupungua na mkolezo haubaki ule uliouandika, usijue tena kipi kimeuchelewesha msalaba. Chupa iwe ile ile, na ioshwe, maana utando wa salfa ukibaki utakudanganya.

Jedwali ulilonipelekea lina mwandiko mzuri, nimelionesha mpaka kwa jirani. Lakini sekunde umeandika 20, 25, 33, 50 na 100. Hizo zimetoka kwenye kanuni, mwanangu, hazikutoka kwenye saa. Grafu ya moja gawanya kwa muda inanyooka, ndiyo, ila nukta za kweli huyumba kidogo. Andika ulichokiona.

Sehemu ya joto ndiyo inayoninyima usingizi. Pasha thaiosalfeti peke yake, asidi baadaye, usipite nyuzi 55. Anza na joto ulilolikuta. Maji ya bomba ya visiwani kwetu hayashuki hadi nyuzi 20, usiiandike kwa kuwa imo kitabuni. Kila nyuzi 10 zikipanda, muda hupungua karibu nusu, kwani chembe nyingi zaidi hugongana kwa nguvu ya kutosha. Na gesi nayo hufoka zaidi, maji ya moto hayaishiki. Kwa hiyo msalaba ukifichika tu, mimina kwenye ndoo ya maji yenye sodiamu kaboneti, iue asidi. Usizipange chupa zilizokwisha mbele ya pua yako. Na usiinamie, nasema tena.

Karafuu zimo juani, ila mvua za vuli zinatukimbiza na majamvi. Mbuzi kazaa. Mjombaako anakuja huko kwa boti ya Alkhamisi, nimempa pampu mpya na mkate wa ufuta. Asipofika, mwambie mwalimu kabla hujaingia maabara. Na hicho chombo cha mkate mrudishie huyo huyo mjombaako, ni cha shangazi yako.

Mama yako