Nyumba yenye jina la marehemu: barua ya wazi kwa Afisa Mipangomiji

Ndugu Afisa Mipangomiji,

Salaam kutoka Ujiji.

YAH: FOMU YA FIDIA NA NYUMBA ZETU ZA URITHI

Siku mlipokuja na ramani kwenye mkutano wa mtaa nilikuwepo. Nilikaa nyuma karibu na mlango, kwa hiyo huenda hukuniona, ila mimi nilikusikia vizuri. Ulisema mtaa wetu utapangwa upya: barabara ya kupita gari la zimamoto, mitaro, taa, viwanja vyenye namba. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Nisije nikahesabiwa na wale wanaopinga kila kitu. Mwaka juzi jirani yetu alizidiwa usiku wa masika. Tulimbeba juu ya kiti cha plastiki, watu wanne, kwenye vichochoro ambavyo hata wawili hawapishani, maji yakitufika vifundoni, mpaka tukapata bajaji huko barabarani. Barabara tunaitaka. Yule jirani akijua uko mtaani atakuchinjia kuku.

Kuhusu upana wake sitasema kitu. Wengine wameshasema, na mzee mmoja alisema kwa sauti iliyokishinda kipaza sauti chenu. Kilichonikalisha kuandika ni fomu.

Siku chache baada ya mkutano vijana wako wawili walipita nyumba kwa nyumba. Kwetu walimkuta shangazi uani anapara migebuka. Mmoja akauliza, kwa adabu kabisa: "Shikamoo mama. Mwenye nyumba hii anaitwa nani?" Shangazi akataja jina la babu yangu, yaani baba yake. "Tunaweza kumwona?" Shangazi akanyoosha mkono wenye magamba kuelekea makaburini. Kijana akacheka, akidhani anataniwa. Babu alifariki 1983. Bili ya maji mpaka leo inakuja kwa jina lake, nasi tunailipa mapema, maana nani anataka marehemu wake adaiwe? Kijana alipoona shangazi hacheki, akaandika kwenye kisanduku cha mmiliki: "Hajulikani."

Ndugu yangu, anajulikana sana. Babu aliacha watoto wanane. Wanne wametangulia na kuacha watoto wao, wawili wako Dar es Salaam, na mmoja, aliyefuata biashara ya mawese ng'ambo, yuko Kalemie, Kongo. Aliyebaki nyumbani ni shangazi. Chumba cha mbele kulia ni chake. Cha kushoto amepanga fundi cherehani, na kodi yake ndiyo inayonunua dawa za presha za shangazi. Cha nyuma analala binamu yangu na mkewe, na banda la uani ni la watoto wa marehemu baba mdogo. Kila chumba kina mwenyewe, na ukimuuliza mtoto yeyote wa mtaani atakutajia. Kinachokosekana ni karatasi moja yenye jina moja, na fomu yenu inataka hilo jina moja.

Hatuko peke yetu. Huu ni mji mkongwe. Stanley alipomkuta Livingstone hapa mwaka 1871 Ujiji ilikuwa na watu wake na soko lake. Reli ilipofika ziwani 1914 ilikwenda kuishia Kigoma, bandari ikawa kule, ofisi zikawa kule, sisi tukabaki na miembe yetu. Kwa muda mrefu hakuna aliyetusumbua kwa makaratasi, nasi hatukumsumbua mtu. Mzee akifa, watoto wanasoma hitima, wanagawana vyumba kwa mdomo mbele ya majirani, maisha yanaendelea. Utaratibu huo ulitosha kwa kuwa nyumba haikuwa na mnunuzi. Sasa mnunuzi amekuja, naye ni barabara.

Nimezisoma kanuni za fidia za 2001. Zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, faida ya biashara itakayopotea, kodi ya miezi 36, na usafiri wa mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20. (Tani 12! Nimejumlisha vyombo vya nyumba nzima pamoja na cherehani ya fundi, sijafika hata mbili.) Ni haki nzuri, lakini anayezipokea ni mwenye jina. Nyumba ya "Hajulikani" atalipwa nani?

Atalipwa mjukuu mwenye mbio. Yule atakayewahi Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na watu watano badala ya ishirini, akateuliwa msimamizi wa mirathi, akafungua akaunti. Wa Kalemie atasikia habari pesa zikiwa zimeshaliwa. Shangazi, ambaye hajawahi kuishi nyumba nyingine, atakuwa anaomba chumba kwa watu. Rafiki yangu wa utotoni hasemezani na kaka yake kwa sababu ya shamba la michikichi la marehemu mama yao, na pale hapakuwa na fidia wala ramani. Alikuja mnunuzi wa kawaida tu, mwenye pesa taslimu.

Najua utasema mirathi ni mambo ya familia. Ni kweli, ila ratiba ni yenu. Mmeweka uthamini mbele na majina nyuma. Mthamini akishaonekana mtaani na kamba yake, kila nyumba itaanza mbio nilizozisema. Na nyinyi mtakwama pia: kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, uthamini wa fidia una maisha ya miaka 2, na kesi za mirathi zikiwachelewesha mtalazimika kurudia kazi.

Tunaomba miezi sita kabla mthamini hajafika. Katika muda huo tusaidieni kuzungumza na mahakama ili karani akae ofisi ya mtaa siku kadhaa, awaelekeze watu namna ya kufungua mirathi. Wa RITA, wanaosajili vizazi na vifo, naye aje. Babu alifia nyumbani, hana cheti cha kifo, na waliomzika nao wanapungua kila mwaka. Kwenye fomu ongezeni sehemu ya "nyumba ya urithi", yenye mistari ya kutosha majina yote, kisha orodha ibandikwe ukutani ofisi ya mtaa, aliyesahaulika aseme mapema. Fundi cherehani naye aandikwe. Jina lake halimo kwenye fomu, wakati wateja wake wa sare za shule wanaijua ile baraza kuliko wanavyotujua sisi.

Shangazi ameshaanza upande wake. Juzi alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akatoa risiti ya kodi ya kiwanja ya 1968, jina la babu limeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia pembeni. Ameifunga kwenye kipande cha kanga na kuiweka chini ya mto. Anauliza vijana wako watarudi lini, ila wasije Alhamisi. Siku hiyo anakwenda kliniki.

Mjukuu wa nyumba hiyo,
Ujiji, Kigoma