Barua kwa Saidi

Temeke, Dar es Salaam

Ndugu yangu Saidi,

Assalamu aleykum. Hatujambo sote isipokuwa Shomari, na ndiye aliyenifanya nikae mwezi mzima bila kujibu barua yako, niwie radhi.

Tulikwenda naye maziko ya Mzee Kondo kule Mbagala, tukarudi kwa daladala iliyosheheni watu wanaokohoa. Siku ya tatu mafua yakatushika sote wawili. Mimi nilipiga chafya siku 4, nikanywa chai ya tangawizi, nikarudi kazini. Yeye, siku ya 6, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameikita magotini, anavuta pumzi kwa mabega, hawezi kumaliza sentensi bila kutua. Hospitalini kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kilisoma asilimia 84. Nilipokijaribu kwa udadisi wangu, kilisoma 98. Alilazwa siku 9 akiwa na oksijeni.

Uliniandikia kwamba mimi nina damu nzito, ndiyo maana maradhi hayanilazi, na yeye damu nyepesi. Nilicheka, lakini daktari hakugusa habari za damu nzito. Aliuliza kama Shomari aliwahi kuugua kifua kikuu. Aliugua mwaka 2011, akamaliza dozi, nasi tukayasahau, ilhali mapafu yalibaki na makovu, na penye kovu hewa haipiti kama zamani. Akauliza kazi yake. Wewe unaijua: miaka 18 mbele ya jiko la mishikaki. Moshi huo hudhoofisha vinyweleo vinavyofagia makohozi kutoka kwenye njia ya hewa, hivyo uchafu na vimelea hutuama. Kisha wakampima sukari: 17! Kwa kuwa maradhi yenyewe huweza kuipandisha, walirudia kwa kipimo cha wastani wa miezi 3, ikabainika ni kisukari cha siku nyingi, na sukari ikizidi hivyo chembe nyeupe za damu hupigana kwa uvivu.

Hata hivyo hayo hayamwelezi kila mtu. Mtoto wa Mama Zuberi alikuwa akibeba magunia Kariakoo, hana ugonjwa wowote, na Uviko nusura imwondoe. Nimesoma kwamba mwaka 2020 watafiti walikuta takriban wagonjwa 10 kati ya 100 wa Uviko waliozidiwa wana kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya vimelea, zinazoishambulia intaferoni yao wenyewe, yaani protini inayouamsha mwili mapema virusi vinapoingia, na karibu wote walikuwa wanaume. Mtu wa namna hiyo utamtambuaje kwa kumtazama? Hapo ndipo hoja yako ya damu nzito inaponichekesha tena.

Sasa wewe. Pampu yako ya pumu unayo, au umemwazima mtu tena? Mama bado anapikia mkaa ndani, dirisha amelifunga kwa sababu ya mbu? Sukari ulipima lini? Na shemeji, kile kikohozi chake kiliisha?

Shomari anakusalimu. Amenikataza nisikwambie kwamba banda la mishikaki analiuza.

Wako,
Juma