Risala ya Klabu ya Fasihi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vitabu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzangu,

Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Kwa heshima na taadhima, wanachama wa Klabu ya Fasihi tunakukaribisha katika shule uliyosoma wewe mwenyewe. Tulikuandikia barua mara mbili. Jibu lako ulilotuandikia kwa mkono bado limebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na wapo wanachama waliojiunga nasi kwa sababu yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tuliamua kusoma kitabu kimoja tu na kukimaliza: Frankenstein cha Mary Shelley. Hakimo katika vitabu tunavyotahiniwa. Tulikisoma kila Alhamisi jioni kabla ya prepo, mmoja akisoma kwa sauti, wengine tukisikiliza.

Wengi wetu tulidhani Frankenstein ni jina la dubwana, kama filamu zilivyotuzoesha. Sivyo. Victor Frankenstein ni kijana wa Geneva aliyekwenda kusoma sayansi Ingolstadt, Ujerumani, akaokota viungo vya maiti, akaviunga na kuvitia uhai. Aliyeumbwa hana jina. Kitabu kinaanza hadi kinakwisha hakuna aliyempa, hata huyo aliyemtengeneza.

Mwandishi alipoanza kukiandika alikuwa na miaka 18, umri wa wengi tuliosimama hapa. Ilikuwa Juni 1816, kando ya ziwa la Geneva. Mwaka uliotangulia, mlima wa volkano Tambora ulikuwa umelipuka huko Indonesia, na majivu yake yaliyotanda angani yakaifanya Ulaya ikose majira ya joto. Mvua haikukatika. Mary na wenzake wakajifungia ndani, na Lord Byron, mshairi wa Kiingereza, akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Daktari wake, John Polidori, akaja kutoa hadithi ya mnyonya damu, iliyochapishwa mwaka 1819. Hiyo nayo tunatamani kuisoma, lakini leo naomba nibaki kwa Mary.

Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa, mwaka 1797. Mwaka 1815 Mary naye alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto yule hakufikisha hata wiki mbili. Siku chache baadaye akaandika katika shajara yake kwamba ameota mtoto wake amerudi: kumbe alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akaishi. Mwenzetu alipotusomea habari hiyo, darasa zima lilinyamaza. Tangu jioni ile sikuweza tena kukisoma kitabu hiki kama hadithi ya kutisha. Kwangu ni kitabu kuhusu mtoto mchanga na mzazi aliyemkimbia.

Maana Victor alikimbia. Karibu miaka miwili alifanya kazi usiku na mchana, akichagua viungo vizuri ili atoke kiumbe mzuri. Usiku mmoja wa Novemba jicho la manjano likafunguka, naye akatoka mbio akajitupa kitandani. Alipozinduka, kiumbe alikuwa ameshika pazia la kitanda, anamtazama, mdomo unatoa sauti zisizoeleweka, mkono mmoja ameunyoosha. Victor akakimbia mara ya pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo klabu yetu ilipogawanyika. Tulikuwa tunajaribu kuitafsiri sura hiyo kwa Kiswahili, na ubishi ukazuka juu ya silabi moja. Tuandike "kilipumua" au "alipumua"? Tuseme "dubwana lile" au "kiumbe yule"? Tukarudi kwenye Kiingereza. Jicho linapofunguka, Mary anatumia kiwakilishi cha kitu. Aya mbili hivi mbele, pazia la kitanda linapoinuliwa, anatumia kiwakilishi cha mtu. Kwa hiyo nasi tumeandika "kilihema kwa nguvu", kisha "akaliinua pazia". Ni mabadiliko madogo, lakini yalituchukua Alhamisi mbili, na mimi nayaona ndiyo kazi bora tuliyoifanya mwaka huu.

Sehemu tuliyoipenda kuliko zote ni ya kibandani. Kiumbe, akiwa amefukuzwa kwa mawe kijijini, anajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini ya De Lacey. Anawachungulia kupitia ufa. Mwanzoni anawaibia chakula usiku. Anapogundua kwamba wenyewe wanalala njaa, anaacha, anakwenda kuchuma mizizi na matunda ya mwituni. Kisha usiku anachukua vifaa vyao, anawakatia kuni, anaziacha mlangoni. Asubuhi wanashangaa. Sisi tunaoamka alfajiri kwa zamu ya kuni za jikoni tunajua maana ya kukuta mzigo umeshaletwa na mtu usiyemjua.

Lugha anajifunza kwa kusikiliza tu. Kusoma anajifunza kwa kudokoa masomo anayofundishwa Safie, mgeni Mwarabu. Siku moja mzee De Lacey, ambaye ni kipofu, anabaki peke yake, na kiumbe anapiga hodi. Mzee anamkaribisha, anazungumza naye kwa upole. Watoto wake wanaporudi, Agatha anazimia, Safie anakimbia, na Felix anampiga kwa fimbo. Angeweza kumrarua Felix vipande vipande, lakini hakurudisha hata pigo moja. Katika nyumba ile, asiyeona peke yake ndiye aliyemwona mtu.

Muhula wa pili tuliendesha mahakama, na Victor akapandishwa kizimbani. Wakili wa utetezi alisema mteja wake hakuwa mzazi, alikuwa mtafiti. Mwendesha mashtaka akasimama: "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na huyu alikimbia usiku uleule." Lakini shtaka lililomwelemea Victor ni la Justine, mtumishi wa nyumba yao. Kiumbe alimuua William, mdogo wake Victor, kisha akaiweka kwenye nguo za Justine picha ndogo aliyokuwa ameivaa mtoto. Justine akanyongwa. Victor alimjua muuaji, akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mwendawazimu.

Hakimu wetu, wa kidato cha tano, aliwatia hatiani wote wawili: Victor kwa kutelekeza na kwa kunyamaza, kiumbe kwa kumuua William, Clerval rafiki yake Victor, na Elizabeth mke wake Victor. Baadhi walitaka kiumbe aachiwe kwa kuwa aliteswa. Mimi nilisimama na hakimu. William alikuwa mtoto mdogo, na hakuwa amemtupa mtu yeyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukosi changamoto. Tunazo nakala mbili tu, na hazifanani. Katika moja Elizabeth ni binti wa shangazi yake Victor. Katika nyingine ni yatima aliyeokotwa kwa wakulima maskini karibu na ziwa la Como, Italia. Tulikaribia kugombana, kila upande ukidai mwenzake hakusoma. Mwalimu wetu mlezi ndiye aliyetueleza kwamba moja ni toleo la 1818, lililochapwa nakala 500 bila jina la mwandishi, wengi wakidhani limeandikwa na mwanamume, na nyingine ni la 1831 ambalo Mary alilirekebisha mwenyewe. Nakala ya 1818 imeshaachia gamba, na kurasa zake tunazibana kwa uzi.

Kwa hiyo tunaleta maombi matatu. Kwanza, utusaidie kupata angalau nakala kumi za kitabu hiki, za toleo moja. Pili, taa ya sola kwa ajili ya chumba cha maktaba, kwa sababu umeme ukikatika tunasomea koridoni kwa tochi. Tatu, na hili ndilo linalotugusa zaidi, upokee daftari hili lenye tafsiri yetu ya sura za kibandani, ulisome kwa kalamu nyekundu mkononi, uturudishie.

Ahsante kwa kutusikiliza. Naomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Fasihi