Sayari ya kubuni ianze na mlima, wafalme baadaye

Ndugu Mhariri,

Hadithi za sayari za kubuni ambazo vijana wanawaletea zinafurahisha, na wafalme wake wana majina matamu. Tatizo ni ramani. Ziwa moja linatoa mito mitatu, jangwa limebandikwa popote, jeshi linavuka bara zima kwa siku sita. Naomba nafasi niwaonyeshe pa kuanzia.

Anza na ukubwa. Sayari yenye mzingo wa kilomita 40,000 kama Dunia ina kilomita 111 katika kila nyuzi ya latitudo. Msafara wa punda ukitembea kilomita 25 kwa siku, nyuzi moja inakula siku nne na nusu. Ukipunguza kipenyo cha sayari kiwe nusu, kwa mawe yenye msongamano uleule, uvutano nao unabaki nusu, na hewa huponyoka kwa urahisi zaidi.

Halafu upepo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana pepo za kudumu za tropiki hutoka mashariki. Ukiizungusha sayari yako kinyume, zitatoka magharibi, na kila mlima wa tropiki utahamisha upande wake wa mvua. Hewa inayopanda kwenye ikweta hunyesha hapohapo, kisha hushuka ikiwa kavu karibu na nyuzi 30, kaskazini na kusini. Majangwa yako mengi yaweke huko.

Mfano tunao mlangoni. Upepo kutoka Bahari ya Hindi unapogonga miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, hewa hupanda, hupoa, mvuke hugeuka mvua. Katika msitu wa juu wa Kibosho mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Zunguka mpaka Rongai, upande wa pili, uone nchi ilivyo kavu: huko ni kivuli cha mvua. Joto nalo hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Moshi iko kwenye mita 800 hivi. Kilele kiko mita 5,895. Zidisha mwenyewe: nyuzi 30 zinaondoka njiani. Mji wako ukiwa na nyuzi 24, kileleni ni sita chini ya sifuri, basi barafu unaruhusiwa kuichora hata kwenye ikweta.

Mito huungana ikishuka. Ni nadra kugawanyika, isipokuwa kwenye delta kama ya Rufiji. Ziwa kwa kawaida lina mlango mmoja wa kutokea: Victoria hupokea Kagera, Mara na mingine mingi, lakini unaotoka ni Nile peke yake. Ziwa lisilo na mlango, kama Natron, hupoteza maji kwa jua na kubaki na magadi. Usiweke wavuvi wa maji baridi pale.

Baada ya hayo ndipo watu waingie. Wachagga waliishi kwenye ukanda wa migomba, si nyikani wala kwenye barafu, kwa sababu ndipo mvua na udongo wa volkano vinapokutana. Walichimba mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia: mlango wa maji uko juu kwenye korongo, mfereji unafuata ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo sana. Ukiwa mkali mno, maji yanakula kingo. Ukilala mno, tope linaziba. Kila kaya ina zamu yake. Chuma kiliyeyushwa na Wapare kikapandishwa mlimani, na hiyo tayari ni biashara, ina njia na ina wapinzani. Kijana akishajua nani ameshika mlango wa mfongo na chuma kinatoka wapi, vita vya sayari yake atavipata bila kuvitafuta.

Mhariri, ombi langu ni dogo: kila hadithi ya namna hii ije na ramani ya ukurasa mmoja yenye skeli, mshale wa upepo na mwinuko wa vilele kwa mita.

Mwalimu wa jiografia,
Moshi